Uji Uliowekwa Chini

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za shujaa. Naogopa ng'ombe wa watu, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla jua halijatoka. Nilikwenda Uarabuni nikiogopa, nikakaa huko miaka minne nikiogopa, nikarudi Nyamira na masanduku mawili na woga uleule. Kwa hiyo nikisema sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wiki ile, ujue nina uzoefu.

Ilianza Jumatatu asubuhi. Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wa mama, ni mtu wa bodaboda. Siku hiyo alikuwa amebeba mikungu minne ya ndizi kutoka huko juu Manga, anaipeleka sokoni. Wenye pikipiki huku kwetu wana mchezo mmoja: wakifika mteremkoni wanazima injini, pikipiki inashuka yenyewe, petroli inabaki kwenye tangi. Mdogo wangu alizima. Mbele yake, kando ya barabara, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuwa anatembea na kikapu cha majani chai mgongoni, anakwenda kituo cha kupimia. Hakugeuka, kwa sababu hapakuwa na mlio wa kumgeuza. Pikipiki yenye mzigo ule haisimami upesi. Jirani alikufa palepale, akaacha mke, watoto watatu na mama yake mzazi.

Mdogo wangu alifanya jambo moja la busara: alikimbilia kituo cha polisi kabla watu hawajajaa. Polisi walimfungia, wakatuambia wanamfungia kwa usalama wake mwenyewe. Nilipompelekea chakula aliniambia, "Dada, sikupiga hata honi." Kisha akalia. Kosa lilikuwa lake na sote tulilijua.

Jumanne saa sita mchana, mdogo wake marehemu alifika nyumbani kwetu na vijana wengine wanne. Mama yangu alikuwa anaanika mahindi. Hawakutukana, hawakuvunja kitu. Laiti wangetukana. Walikuja na kamba, wakapima mbele ya mlango wa mama, urefu kisha upana, huku wakisemezana kwa sauti ya chini kama mafundi wanaotaka kuweka msingi. Walipomaliza, mdogo wake marehemu akamwambia mama, "Mama, tutamleta hapa. Nyinyi ndio mlimuua, nyinyi ndio mtakaa na yeye." Wakakunja kamba yao wakaenda.

Asiye wa kwetu huenda asielewe kwa nini mama aliketi chini, juu ya mahindi yake. Kwetu mwanamume huzikwa kwake, upande wa kulia wa nyumba yake. Maiti ikizikwa kwa nguvu katika boma la watu wengine, boma hilo limekwisha. Hutapita pale kwenda kuteka maji. Mtoto hatacheza pale. Hutauza, maana nani anunue? Na mara nyingi nyuma ya kaburi huja kiberiti cha kuchomea nyumba. Tulikuwa tumesikia yakiwapata wengine, tukatikisa vichwa, tukasema masikini, kisha tukaendelea kula.

Baba yetu alikufa zamani. Mkubwa wetu ni baba mkubwa, kaka yake baba, mwalimu mstaafu, mzee mpole anayeamini kwamba mtu aliyesafiri anajua kitu. Yeye na wazee wa ukoo walikwenda kwa naibu wa chifu wakakutana na wazee wa upande wa pili. Ikakubaliwa kwamba Ijumaa asubuhi watu wetu watano waende kwa wafiwa wakaombe mambo mawili: marehemu azikwe kwake, na mdogo wangu aachwe mahakama imhukumu. Wasipokubali, hapakuwa na la tatu.

Hapo ndipo mimi na elimu yangu ya Uarabuni tulipojiingiza.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kusini mwa Jordan, katika nyumba ya shekhe wa kabila. Usidhani ni kasri. Ilikuwa nyumba ya matofali ya saruji, mbuzi nyuma, na mbele hema kubwa la wageni. Kazi ya shekhe ilikuwa kuketi katika hema hilo akisikiliza magomvi ya watu: kisima, malisho, binti aliyetoroka na mchumba wa mwenzake, gari lililogonga gari. Serikali ilikuwepo na mahakama ilikuwepo, lakini watu walianza kwake, na hata askari polisi niliwaona wakivua viatu mlangoni pa hema. Hakuwahi kupandisha sauti. Hukumu zake mimi nilizijua kwa vikombe, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kahawa: kahawa chungu yenye iliki, inamiminwa kidogo tu katika finjani, vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Finjani zikirudi jikoni tupu, nilijua mambo yameenda sawa.

Mwaka wangu wa tatu, kijana wa kabila jingine alimgonga kwa gari mtoto wa kaka yake shekhe, akamuua. Siku hiyo niliona bunduki ambazo sikujua zimo katika nyumba niliyokuwa naifagia kila siku. Kabla jua halijatua wakafika wazee wa kabila la tatu, lisilohusika, wakaomba kile wanachokiita atwa: siku tatu na theluthi ya siku, ambazo hakuna mtu wa kutafuta kisasi. Mtu mmoja mwenye heshima huudhamini muda huo kwa jina lake, na akivunjiwa, hiyo ni vita yake yeye. Jamaa za yule dereva wakahama siku hiyohiyo, magodoro juu ya magari, wakaenda mbali ili macho yao na ya wafiwa yasikutane. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, mpaka ikafika siku ya ujumbe mkubwa, wenyewe wanauita jaha.

Wanaume waliokuja walijaza hema wakamwagika nje. Aliyewaongoza alikuwa shekhe mzee sana wa kabila lile la tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni pamoja na wanawake. Nikaona yule mzee akipewa finjani ya kahawa yangu, akaipokea vizuri, akaiweka chini kwenye zulia. Hakuna mwingine aliyekunywa. Nilijua nimeiharibu kahawa. Nikaanza kuhesabu moyoni nguo zangu, nikijiona niko uwanja wa ndege. Mama wa nyumba akaninong'oneza kwamba kahawa haina kosa: mgeni aliyekuja na ombi zito hanywi mpaka apewe alichokuja kukiomba, na mwenyeji akimwacha aondoke na kiu, aibu ni ya mwenyeji na damu itaendelea kumwagika. Tukangoja. Mzee akasema maneno yake, akanyamaza. Mwishowe baba wa marehemu akatamka, sauti ikimkatika, "Kunywa kahawa yako." Wanaume wote wakainua finjani kwa pamoja. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Mimi nililia jikoni kwa nafuu tu, kifo chenyewe hakikuwa changu.

Hayo ndiyo niliyomsimulia baba mkubwa siku ya Alhamisi. Nilimsimulia vizuri, na mikono, kama mtu aliyekuwa ndani ya hema na si nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Baba, kesho wakituletea kitu cha kunywa, tukiweke chini. Wataona tuna jambo zito. Wataona haya, watatukubalia." Akafikiri, akasema kuishi kwingi ni kuona mengi, akawaambia na wale wazee wawili tutakaokwenda nao. Mfa maji haachi kutapatapa. Tulikuwa tumeogopa kiasi kwamba hata ushauri wangu ulionekana ushauri.

Ijumaa tukavuka kijito: baba mkubwa, wazee wawili wa ukoo, shangazi yangu, na mimi. Mama tulimwacha nyumbani. Alikuwa amekataa kutoka tangu Jumanne, anasema akitoka ataonekana amewaachia.

Wafiwa ni Wasabato. Shamba lao limejaa majani chai hadi ukingoni mwa kijito, lakini chai yenyewe hawainywi. Wanachuma, wanapima, na nyumbani wanakunywa uji. Walikuwa wamefunga turubai uani na kupanga viti vya plastiki. Wazee wao waliketi upande mmoja. Nyuma yao walisimama vijana, na mdogo wake marehemu alikuwa ameegemea mpini wa jembe. Tulisalimia, wakaitikia. Tuliketi.

Mama wa marehemu alileta uji mwenyewe. Alikuwa bibi mwembamba, mfupi, amevaa sweta ya mwanamume, na nilijua sweta hiyo ni ya nani. Kwenye sinia palikuwa na vikombe vitano vya bati, uji wa wimbi, unafuka mvuke. Akachukua kikombe cha kwanza, akanywa funda moja mbele ya macho yetu, ndipo akampa baba mkubwa kwa mikono miwili. Ndiyo desturi yetu: mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hamna sumu wala uchawi.

Baba mkubwa akapokea, akashukuru, akakiweka kikombe chini kwenye nyasi. Wazee wawili wakaweka vyao. Shangazi akaweka chake. Nami nikainama nikaweka changu.

Nilijua kabla kikombe hakijagusa nyasi. Huku kwetu, mtu akikataa kinywaji cha nyumba, tena mwenyeji akiwa ameshaonja, watu hawangoji kuuliza ana ombi gani. Ameshasema: wewe ni mrogi. Na kila mtu wa Kisii na Nyamira anajua bibi mzee akishaitwa hivyo mbele ya watu anaweza kuchomwa moto, na anajua yanayoweza kumpata aliyemwita. Mtoto wa darasa la tatu analijua hili. Mimi, mwenye masanduku mawili ya Uarabuni, nililisahau. Kule Jordan kila aliyekuwa hemani alizaliwa akijua kikombe kilichowekwa chini kinasema nini. Nilikuwa nimebeba kikombe chao nikaiacha maana yake kulekule.

Yule bibi alitazama vikombe kimoja baada ya kingine. Hakupiga kelele. Akamuuliza baba mkubwa, "Umeona nini ndani?"

"Mama," baba mkubwa akasema, "sisi hatutakunywa mpaka..."

"Mpaka nini? Mpaka mpeleke hii uji kupimwa?"

"Hapana, mama, sisi tumekuja na..."

"Omorogi," mdogo wake marehemu akasema nyuma yetu, neno letu la mrogi, polepole, kama anayelijaribu mdomoni. Kisha kwa sauti kubwa: "Wameua ndugu yangu, halafu wamekuja kwa boma yetu kuita mama yangu omorogi!"

Vijana wakasogea. Wazee wao hawakuwazuia. Wao pia walikuwa wanatazama vile vikombe. Nikasikia mtu akifunga lango, komeo likaingia. Sitajifanya. Mkojo ulitaka kunitoka. Niliona shangazi akifumba macho, midomo inacheza, anasali. Baba mkubwa, aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa pale kusoma, alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nikawaza mama yuko peke yake ng'ambo ya kijito na milango yake miwili ya mbao.

Sikupanga nilichofanya. Niliinama nikachukua kikombe changu nikanywa chote. Wazee walisema uji wa moto haupozwi kwa ncha ya ulimi, na walisema kweli, ila hawakusema mtu afanye nini akiwa na haraka. Uliniunguza ulimi, ukaniunguza koo, nikausikia ukishuka hadi tumboni. Nikachukua cha shangazi. Nikanywa. Nikapiga magoti kwenye nyasi nikavifuata vya wazee wawili, machozi yananitoka, uji unanimwagikia kidevuni na kwenye leso. Cha mwisho kilikuwa cha baba mkubwa, ambacho bibi alikionja. Nikakinywa hadi chini, nikakigeuza wote waone hakina kitu.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya vikombe vitupu, na nikaanza kusema kwa ulimi ulioungua, maneno yakigongana. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyewafundisha. Nikasema nilikuwa mpishi kwa Waarabu, huko mgeni akiwa na ombi zito haweki kinywaji mdomoni, na hilo kwao ni heshima kwa mwenyeji. Nikasema niliyaona hayo mtoto wa watu alipouawa kwa gari, kahawa ikapoa kwenye zulia. Nikasema nilidhani naleta kitu cha maana na nimeleta ujinga. "Uji ni mzuri, mama," nikasema. "Hauna kitu. Mimi ndiye sina akili."

Bibi aliinama akachukua kikombe kimoja. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Huyo aliyekufa huko kwa Waarabu, alikuwa na mama?"

"Alikuwa naye."

"Wakati hiyo kahawa inapoa, huyo mama alikuwa wapi?"

"Jikoni. Na sisi."

"Waliingia jikoni kumuuliza?"

Nilijaribu kukumbuka. Niliona jiko lile, sufuria, pazia, wanawake wamebanana, na yule mama ameketi juu ya gunia la mchele ameinamisha kichwa. Miaka yote hiyo sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. "Hapana," nikasema. "Baba yake ndiye aliyejibu."

"Hapa hakuna baba. Hapa mtauliza mimi."

Ikawa sasa ni zamu ya baba mkubwa, akapata sauti yake. Akaomba yale mawili bila mapambo. Bibi akasikiliza huku akivikusanya vikombe kwenye sinia. Akasema mambo ya mahakama ni ya mahakama, yeye hana jela. Kuhusu mahali pa kumzika mwanawe, atasema siku ya kumzika, hata siku moja kabla hatasema. "Na huyu," akanielekeza kwa kidevu, "atabaki. Mmekuja kwa mama wa maiti mkaweka uji chini. Atapika hapa mpaka mwanangu azikwe, na hakuna mtu atakula kabla yeye hajaonja. Watu waone nani ana sumu."

Lango likafunguliwa. Walitoka wanne, mimi nikabaki. Baba mkubwa alinitazama kama anayetaka kuomba radhi, nikamwashiria aende tu. Ningesema nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu ya kusimama.

Mazishi yalipangwa Jumanne. Kila chungu kilichotoka jikoni nilikionja mbele ya watu: maharagwe, mboga ya chinsaga, ugali, maziwa. Nilionja hata chumvi, kijana mmoja aliponitaka. Ijumaa tulipika haraka haraka kabla jua halijazama, maana siku ya Sabato hakupikwi, na Jumamosi yote niliketi kwenye kigoda nikiwasikiliza waombolezaji wakiimba, sina hata kazi ya kunisaidia kusahau. Mdogo wake marehemu alipita jikoni kila asubuhi. Aliniuliza swali moja, sauti ileile, "Mama yako bado yuko kwa nyumba?" Mara ya kwanza nilijibu. Siku zilizofuata nilisugua tu sufuria. Nilimpigia mama simu nikamsihi aende kwa shangazi. Akasema, "Mwanangu, nikitoka hapa nitarudi kwenye nini?"

Mjane hakunisemesha hadi Jumatatu. Tulikuwa tunachambua maharagwe, yeye upande huu wa ungo, mimi upande ule. Akasema bila kuinua macho, "Alikuwa na masikio mazuri. Hata gari la majani chai likiwa mbali, yeye alilisikia wa kwanza." Aliendelea kuchambua. "Angeisikia hiyo pikipiki." Nikachambua maharagwe ambayo sikuyaona.

Jumanne asubuhi bibi alitoa neno lake, na vijana wakachimba kaburi upande wa kulia wa nyumba ya marehemu. Moyo wangu ukapata nguvu kidogo, mpaka nilipowaona wakipakia majembe kwenye gari la kwenda kuchukua maiti Kisii. Nikamuuliza mwanamke mmoja, majembe ya nini mochari? Akageukia sufuria yake. Ndipo bibi akaja jikoni amevaa leso nyeusi na sweta ileile, akasema, "Toka. Tunaenda na wewe."

Sikumbuki Kisii siku hiyo. Nakumbuka harufu ya mochari na nakumbuka kurudi. Bibi aliketi mbele na dereva, akaniketisha kati yao, akanishika mkono. Alinishika tangu tulipotoka mjini na hakuniachia. Nilidhani anahakikisha sitaruka nitoroke, na kwa kweli nilikuwa nimeshauangalia mlango. Nyuma yetu vijana walikuwa na jeneza na majembe, wanaimba, na kadiri tulivyoikaribia Kebirigo, soko la karibu na kwetu, wimbo uliacha kuwa wa kanisani.

Barabara ya kwao inapita mbele ya lango letu. Tulipofika hapo, vijana wakagonga paa la gari kwa viganja. Dereva akasimama. Walishuka na jeneza kabla hata injini haijazimwa, na mdogo wake marehemu akalipiga lango letu teke likafunguka. Niliuona mlango wa mama. Ulikuwa umefungwa, na chini yake, katika ule mwanya mdogo, niliona vivuli viwili vya miguu yake. Alikuwa amesimama hapo hapo nyuma ya mlango.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Bibi akanivuta mkono tukashuka. Alitembea kati ya wale vijana, mimi nikiburutwa nyuma yake, hadi akasimama langoni kwetu, akageuka akawatazama. Jeneza likasimama mbele yake.

"Mzikeni," akasema. "Mna nguvu, mimi sina. Lakini mniambie kwanza. Kesho nikitaka kumlilia mwanangu, nitapiga hodi kwa nani?"

Kijana mmoja akashusha jembe lake.

"Majani yakiota juu yake, nitakuja kuomba jembe kwa mama ya huyu? Nisimame hapa kwa lango kama mtu anaomba chumvi, niseme, tafadhali, nifungulie, nataka kuona mtoto wangu? Na watoto wake wakiuliza baba yuko wapi, niwaambie yuko kwa watu?" Akamwangalia mtoto wake aliyebaki. "Wewe unataka kuadhibu hawa. Mimi ndio utakuwa umenipokonya yeye mara ya pili."

Nilisikia maji ya kijito, na ng'ombe wa mtu akilia mbali. Mdogo wake marehemu alikuwa ameshika upande wa mbele wa jeneza, uso wake umelowa, taya zinafanya kazi. Sikujua atafanya nini, na nadhani yeye pia hakujua. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Inueni." Wakageuka na jeneza. Hawakulirudisha garini, walilibeba mabegani, wakashika barabara ya kwao kwa miguu.

Nilikuwa bado nangoja bibi auachie mkono wangu niende kwa mama. Hakuuachia. Nikautazama mkono wake, nikaona unatetemeka, umetetemeka hivyo tangu mjini na mimi nilidhani ni wangu. Hakuwa na hakika kama watamsikiliza. Alikuwa amenishika kwa sababu alikuwa anaogopa, na mimi ndiye aliyekuwa karibu.